Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa Katiba na Sheria: saa zisizoandikwa za mgonjwa wa mgongo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya na Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria; nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania na Baraza la Madaktari Tanganyika.

YAH: MADAI YA WAGONJWA WALIOCHELEWESHWA KUTAMBULIWA AU KUTIBIWA MGANDAMIZO WA MISHIPA YA FAHAMU YA MGONGO

Waheshimiwa,

Mbele yangu lipo daftari la kurasa 40, la aina ile ile ambayo wanafunzi wangu wa darasa la nne huandikia hesabu, nalo ndilo jalada la matibabu la mdogo wangu. Ukurasa wake wa tatu una mistari minne. Wa kwanza ni tarehe, 9 Juni 2021. Wa pili una herufi LBP, ambazo nimekuja kuelezwa kwamba maana yake ni maumivu ya kiuno, na mbele yake imeandikwa 2/7, yaani siku mbili. Wa tatu una herufi UTI, ambazo Mtanzania yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali hahitaji kuelezwa. Wa nne ni dawa: sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu na vidonge vya siprofloksasini vya kuua bakteria. Saa haikuandikwa. Halikuandikwa swali lolote aliloulizwa mgonjwa, wala jibu alilolitoa. Baada ya siku ile, kijana wa miaka 34 aliyekuwa akipakia magunia ya viazi kwenye malori hakutembea tena bila gongo, wala hajakojoa tena bila kujitia mpira; na kwa sababu ya ukurasa ule ule, hana namna ya kudai fidia mbele ya mahakama yoyote. Naomba mnivumilie nieleze jinsi mambo hayo mawili yanavyoungana, kwa kuwa nusu ya ufumbuzi wake imo katika Wizara moja na nusu nyingine katika Wizara ya pili.

Uti wa mgongo wa mtu mzima haushuki mpaka mwisho wa kiuno kama wengi tunavyodhani. Hukoma kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kuanzia hapo kinachoendelea kwenda chini ni fungu la mishipa ya fahamu iliyoning'inia ndani ya mfereji wa mifupa. Wataalamu wa zamani waliliita mkia wa farasi. Mimi niliyezaliwa Korogwe naliona kama shada la katani lililoanikwa. Mishipa hiyo ndiyo inayoendesha miguu, kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa, na ndiyo inayoleta hisia za sehemu ile ya mwili inayogusa kiti cha baiskeli. Diski ya kiuno ikichomoka ghafla, au usaha wa TB ya mgongo ukijikusanya, au uvimbe ukikua, au pingili iliyovunjika katika ajali ya bodaboda ikisukumwa ndani, shada lote hubanwa kwa pamoja, na mshipa wa fahamu uliobanwa hauwezi kusubiri kama mfupa uliovunjika unavyoweza kusubiri.

Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji wamekuwa wakiitaja saa ya 48 tangu dalili kuanza kuwa ndio mpaka, ingawa wao wenyewe hukiri kwamba hakuna saa iliyo salama na kwamba kila saa inayookolewa ni faida. Jambo lililo muhimu zaidi ya hesabu ya saa ni hali aliyonayo mgonjwa anapofika. Anayepasuliwa akiwa bado anakojoa, hata kama ni kwa shida, ana matumaini makubwa kuliko yule ambaye mkojo umekwisha kuziba na kibofu hakihisi tena kwamba kimejaa. Kati ya hali hizo mbili panaweza kupita siku moja, pengine usiku mmoja. Naomba Waheshimiwa mliweke jambo hilo akilini, kwa sababu mbele ya sheria kila kitu kitaning'inia hapo.

Mdogo wangu aliinua gunia la lumbesa jioni ya Jumatatu, tarehe 7 Juni, akasikia kitu kikichanika kiunoni. Jumanne maumivu yalishuka kwenye miguu yote miwili. Jumanne usiku alikwenda msalani, akatawaza, na hakuhisi maji. Alimwaga kopo la pili akidhani hakulenga vizuri. Jumatano asubuhi alikojoa kwa kuliminya tumbo kwa mikono yote miwili, akatoka matone, kisha akaja kwangu akiwa ameinama, nami nikampeleka hospitali.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza mbili na watabibu wawili, na baina ya meza hizo hapakuwa na pazia. Nyuma yetu alisimama mama mwenye mtoto mgonjwa, na nyuma yake foleni iliendelea mpaka nje. Tabibu aliyetuhudumia alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, ambaye bila shaka alikuwa amekwisha kuwaona watu wengi kabla yetu. Mdogo wangu alisema kwamba kiuno kinauma na mkojo unamsumbua. Hakusema habari ya kutawaza. Mwanamume gani wa Kitanzania atasema, mbele ya dada yake, mbele ya mama wa watu na mbele ya binti aliye sawa na mdogo wake, kwamba sehemu zake za siri zimekufa ganzi? Jambo kama hilo halisemwi mpaka liulizwe, na liulizwe faraghani, na aliyeulizwa aelezwe kwa nini anaulizwa. Hakuulizwa. Tulirudi nyumbani na vidonge.

Ijumaa tulirudi akiwa hakojoi kabisa. Walimwekea mpira wa mkojo, mfuko ukajaa, wakaumwaga, ukajaa tena, na mtu mmoja katika wodi akasema ni ngiri, mwingine akasema ni gono la zamani. Tuliambiwa kwamba daktari wa kuandika rufaa atakuwepo Jumatatu. Jumatatu rufaa iliandikwa, Jumanne tukafika hospitali ya kanda, Alhamisi akapigwa kipimo cha MRI, yaani picha inayoonyesha mishipa ya fahamu, baada ya kuuza pikipiki yake, na Jumamosi tarehe 19 akapasuliwa. Daktari bingwa alitoka chumba cha upasuaji, akavua kofia, akaniuliza kwa masikitiko makubwa: "Mbona mmemleta akiwa amechelewa hivi?"

Waheshimiwa, swali lile nalilibeba kwa miaka mitatu na zaidi. Nilielewa kwamba sisi ndugu ndio tuliochelewa. Nilijilaumu kwamba sikumpeleka Jumanne usiku, kwamba sikukopa fedha za kukodi gari Ijumaa, kwamba sikubishana. Mama yetu alifariki akiamini kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha mwanawe. Oktoba 2024, katika kliniki nyingine kabisa, bingwa mwingine aliomba kuona kumbukumbu zote za zamani, akafungua daftari hili, akasoma ukurasa wa tatu, akamuuliza mdogo wangu taratibu, mlango ukiwa umefungwa, hali ilivyokuwa siku ile ya Jumatano. Alipojibiwa alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba mgonjwa aliyeingia hospitali na miguu miwili inayouma, na mkojo unaotoka kwa kuminywa, na ganzi sehemu ile, alipaswa kuondoka siku ile ile na barua ya rufaa ya dharura, wala si na vidonge. Hapo ndipo tulipojua.

Wiki moja baadaye tulikaa mbele ya wakili, naye alituonyesha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ambayo inatoa miaka mitatu ya kufungua shauri la madhara ya namna hii. Miaka mitatu hiyo ilikwisha Juni 2024. Tulifika miezi minne baada ya mlango kufungwa, na katika miezi yote 36 mlango ulipokuwa wazi hatukujua kwamba upo.

Nimejifunza mengi kuhusu sheria hiyo tangu siku ile. Inasimamisha muda kwa mtoto mdogo na kwa mtu asiye na akili timamu, na inamfikiria aliyefichwa ukweli kwa hila. Mtu aliyelala kitandani mwaka mzima akijifunza upya kukaa, naye hakufichwa kwa hila bali hakuambiwa tu, hana nafasi ndani yake. Ni kweli kwamba inampa Waziri mwenye dhamana ya sheria uwezo wa kuongeza muda, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kwa kiasi kisichozidi nusu ya muda wa awali, yaani mwaka mmoja na nusu kwa madai kama yetu. Ombi letu limekwisha kupelekwa kwa njia yake na siliandiki hapa ili lisukumwe. Ninaloliandika hapa ni kwamba haki ya mgonjwa aliyepooza isitegemee barua ya kumwomba Waziri, bali iandikwe kwenye sheria yenyewe ili hakimu na jaji waitumie kwa kila mtu.

Wenzetu wamefanya hivyo. Nchini Uingereza Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980 inahesabu miaka mitatu tangu siku ya kuumia au tangu siku mtu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ameumia vibaya na kwamba chanzo kinaweza kuwa kosa la mtu fulani. Inachukuliwa siku iliyo ya baadaye. Jirani zetu wa Kenya, ambao nao wana miaka mitatu kwa madai ya madhara, wameiruhusu mahakama kuongeza muda pale mdai wa majeraha ya mwili alipokuwa hajui mambo ya msingi ya madai yake. Sisemi kwamba Kenya ni pepo ya wagonjwa, maana huko anayeishtaki Serikali kwa madhara amepewa miezi 12 tu, mfupi kuliko wetu. Lakini wazo kwamba muda usianze kumkimbia mtu kabla hajajua kwamba anakimbiwa linafahamika Nairobi, na sioni kwa nini lisifahamike Dodoma.

Tuseme basi kwamba muda ungekuwepo. Bado mdai wa hospitali ya umma angepaswa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu katika shauri, na kwenda Mahakama Kuu, kwa kuwa tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unazihusu pia halmashauri zinazomiliki hospitali za wilaya. Hayo yanavumilika, Serikali ina haki ya kujulishwa kabla ya kushtakiwa. Lisilovumilika ni mzigo wa ushahidi, nao unahitaji maelezo marefu kidogo.

Madai ya uzembe wa kitabibu hayamo katika sheria moja iliyotungwa na Bunge letu. Yaliingia kwa mlango wa sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), yaani kanuni zinazotokana na hukumu za majaji, ambayo nchi yetu iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za Kiingereza za baadaye, ingawa haziwafungi majaji wetu, husomwa mahakamani kwa ajili ya kushawishi. Mojawapo ni hukumu ya mwaka 1987 ya Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, katika shauri la Hotson. Mvulana wa miaka 13 alianguka mtini mwaka 1977 akaumia nyonga. Hospitali haikulitambua jeraha kwa siku tano. Akabaki na kilema. Ilithibitika kwamba hata angetibiwa siku ile ile, uwezekano wa kupata kilema ulikuwa asilimia 75. Jaji wa kwanza alimpa robo ya fidia kwa ile robo ya matumaini aliyopotezewa. Malodi waliifuta, wakasema kwamba mdai lazima athibitishe kuwa, kwa mizani ya uwezekano, ni kuchelewa ndiko kulikoleta madhara. Asiyevuka nusu hapati hata senti.

Sasa rudini kwenye ukurasa wa tatu wa daftari. Mdogo wangu angeshinda au angeshindwa kutegemea swali moja tu: je, Jumatano tarehe 9 asubuhi alikuwa bado anakojoa? Kama alikuwa anakojoa, bingwa yeyote ataieleza mahakama kwamba upasuaji wa haraka ungempa nafasi nzuri, na mzani utainama upande wake. Kama mkojo ulikuwa umeziba tayari, wakili wa mdaiwa atasema kwamba hasara ilikwisha kutokea nyumbani, kabla hajaliona lango la hospitali. Jibu la swali hilo lilipaswa kuandikwa na mtu mwingine, mwenye kalamu na mafunzo, saa ile ile. Aliyetakiwa kuandika hakuandika, na sheria inamwadhibu asiyekuwa na kalamu. Upungufu wa kumbukumbu unageuka kuwa ngao ya yule aliyepaswa kuziweka.

Nawakumbusha tukio la mwaka 2007 jijini Dar es Salaam, ambapo wagonjwa wawili waliofanana jina walibadilishwa, na yule aliyetakiwa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa. Taifa zima lilishtuka, na lilishtuka kwa haki, kwa sababu kosa lile lilionekana kwa macho: mtu ana kovu mahali ambapo hakupaswa kuwa nalo. Kuchelewa hakuachi kovu. Mgonjwa aliyecheleweshwa hufanana kabisa na mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulikuwa mbaya tangu mwanzo, na tofauti kati yao ipo kwenye saa tu.

Kwa Waziri wa Afya, kwa hiyo, ombi langu la kwanza ni saa. Mwongozo wa matibabu utamke kwamba kila mgonjwa wa maumivu ya mgongo anayeingia katika kituo chochote, kuanzia zahanati, aulizwe faraghani kama maumivu yameshuka miguu yote miwili, kama miguu inalegea, kama ana ganzi sehemu inayogusa kiti cha baiskeli, kama mkojo au choo kimebadilika, na kama tendo la ndoa limebadilika. Na majibu yaandikwe, pamoja na saa, hata kama yote ni "hapana". Maswali hayo hayazidi dakika mbili. Mahali pasipo na chumba cha faragha, patafutwe hata pazia la kanga. Maswali haya yaandikwe kwa Kiswahili cha watu, kwa sababu nimesikia mgonjwa akiulizwa kuhusu "hisia za msamba" na akaitikia ndiyo kwa heshima tu, bila kuelewa ameulizwa nini.

Naomba pia rufaa ya dharura ya mgongo isisubiri Jumatatu. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa uliotolewa Februari 2023 unataka mgonjwa anayeshukiwa kubanwa shada hilo la mishipa apigwe MRI mapema iwezekanavyo, na isizidi saa nne tangu kipimo kuombwa. Sidai saa nne kwa mtu aliye Makete au Ludewa, ambako barabara peke yake inakula saa zaidi ya hizo. Nadai kwamba uamuzi wa kumwondoa ufanywe na tabibu yeyote aliye zamu, usiku au sikukuu, kwa simu moja kwa bingwa aliye zamu hospitali ya kanda, na kwamba malipo ya kipimo yafuate baadaye. Mashine za CT zilizofungwa katika hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kusaidia pale ambapo MRI iko mbali, lakini kipimo kisichoonyesha mishipa vizuri kisitumike kumrudisha nyumbani mtu asiyekojoa. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapoendelea kutekelezwa, kipimo hiki cha dharura kisiachwe nje ya kitita cha mtu maskini, kwa kuwa wanaobeba lumbesa ndio wanaochomoka diski.

Ombi la pili ni jalada. Mdogo wangu ana bahati ya ajabu, kwamba hospitali ilimwandikia katika daftari lake mwenyewe na mimi ni mtu nisiyetupa karatasi. Kumbukumbu za wodini, zile za Ijumaa mpaka Jumatatu, tulizifuatilia mara tano. Mara ya kwanza tuliambiwa tulete barua ya polisi, mara ya pili barua ya mahakama, na mahakama haiwezi kufunguliwa shauri bila kumbukumbu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu. Wizara itoe waraka mmoja unaosema wazi kwamba mgonjwa au anayemwakilisha apewe nakala kamili ya jalada lake ndani ya siku zinazohesabika, bila kuulizwa anaipeleka wapi.

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria ninayo maombi ambayo yamekwisha kuonekana hapo juu: muda wa madai ya majeraha ya mwili yanayotokana na matibabu uhesabiwe tangu siku mgonjwa alipojua au alipopaswa kujua, na siku za kulazwa na za kujifunza upya kutembea zifikiriwe. Naongeza jambo ambalo naliona ni zito kuliko hilo. Pale ambapo hospitali haikuandika hali ya mgonjwa wakati iliwajibika kuandika, mahakama iruhusiwe na sheria kuliacha shaka liangukie hospitali. Mdai athibitishe kwamba alifika, kwamba alilalamika, na kwamba hakuchunguzwa. Tangu hapo aliyeshika kalamu ndiye aeleze kwa nini tusiamini kwamba mtu yule alikuwa bado anaokolewa. Ni mabadiliko ya mistari michache, na yatawafanya wakurugenzi wa hospitali wapende kuandika saa kuliko semina yoyote itakavyowafanya.

Kisha kuna mashahidi wataalamu. Nchi yetu ina mabingwa wachache wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, wamesoma pamoja, wamefundishana, na ni vigumu kumwomba mmoja asimame kizimbani kueleza kosa lililofanyika katika hospitali ya mwenzake. Bingwa aliyetufungulia macho alituomba kwa upole tusimtaje, nami namheshimu kwa hilo. Baraza la Madaktari liweke orodha ya wataalamu wanaoteuliwa na mahakama yenyewe na kulipwa kwa utaratibu wa mahakama, ili atakayesema ukweli asionekane amenunuliwa na upande mmoja au amemsaliti rafiki. Baraza lina uwezo wa kuonya, kusimamisha na kufuta usajili, lakini kazi yake ni nidhamu ya taaluma na si fidia, na wananchi wengi hupeleka malalamiko huko wakiamini wamefungua kesi, huku muda wa mahakama ukiendelea kukatika. Wapokeaji wa malalamiko wawaambie watu jambo hilo siku ya kwanza, kwa maandishi. Hali kadhalika wanaotoa elimu katika Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia wayaweke madai ya matibabu pamoja na mirathi na ardhi, kwa maana vijijini hakuna anayejua kwamba mambo haya yana muda.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama zetu, na hati ya madai ya mdogo wangu ingeandikwa kwa Kiswahili. Kumbukumbu za hospitali ni vifupisho vya Kiingereza ambavyo mgonjwa hawezi kuvisoma, na kama mwenye mwili angesoma Jumatano ile kwamba ameandikiwa UTI na hakuna neno kuhusu miguu yake, huenda angeinua mkono akasema: samahani, na miguu je?

Sina chuki na binti aliyetuhudumia. Maumivu ya kiuno ni ya kila siku, na ugonjwa huu ni wa nadra. Tabibu anaweza kufanya kazi miaka mingi wilayani na akaona wagonjwa wachache tu wa aina hii, naye siku ile hakuwa na chumba, hakuwa na muda, na sijui kama aliwahi kufundishwa maswali yale. Sitaki afukuzwe kazi wala apelekwe polisi. Fidia ninayoizungumzia hulipwa na mwajiri, na mwajiri ndiye aliyepaswa kumpa pazia, mwongozo na simu ya bingwa. Nawaomba msiruhusu mjadala huu ugeuke kuwa vita kati ya wagonjwa na watabibu, kwa sababu hofu itawafanya waandike pungufu hata ya mistari minne.

Fidia yenyewe si utajiri. Mdogo wangu hujitia mpira mara nne kwa siku. Mpira una bei, sabuni na jeli vina bei, nepi za usiku zina bei, na maambukizi ya njia ya mkojo, safari hii ya kweli, humpata kila baada ya muda na kila yakimpata yana bei. Ana watoto wawili wanaosoma. Mkewe bado yupo naye na huuza maandazi asubuhi ili siku iende. Yaliyobaki kati yao ni siri yao, na hakuna sheria itakayoyarudisha. Hesabu ya vitu hivyo kwa mtu wa miaka 34 anayeweza kuishi miaka mingine 30 ndiyo hesabu ambayo mahakama ingeifanya, kama tungefika mahakamani.

Nimesoma kwamba miswada ikifika kwenye kamati za Bunge wananchi hualikwa kutoa maoni. Ikiwa mojawapo ya mambo haya litafikishwa huko, nipo tayari kusafiri mpaka Dodoma wakati wa likizo ya shule kwa nauli yangu, na nitakuja na daftari hili. Mdogo wangu amesema kwamba naye atakuja akipewa mahali pa kukaa karibu na choo, na kwamba safari hii, akiulizwa, atajibu kila kitu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Nyanda za Juu Kusini